Picha ya "maisha ya kila siku" ya Kiholanzi: maana yake, na mwanga unaotudanganya

Siku hizi mchoro wowote wa Kiholanzi wa karne ya 17 ukiwa na mtu na dirisha huitwa "picha ya maisha ya kila siku", na mchoraji husifiwa kwa kuyanasa maisha kama yalivyokuwa. Jina hilo mara nyingi hubandikwa pasipofaa, na sifa hiyo karibu kila mara si sahihi.

Maana yenyewe ni fupi. Ni mchoro wa watu wasio na majina wakifanya mambo ya kawaida: kupika, kusoma barua, kucheza karata, kunyonyesha, kulewa. Si watu wa Biblia, si miungu ya Kigiriki, wala si mteja aliyelipa ili achorwe. Istilahi ilikuja baadaye. Wafaransa wa karne ya 18 walisema peinture de genre kwa karibu kila kitu kilichohesabiwa kuwa chini ya picha za historia, maua na wanyama wakiwemo, kisha maana ikabanwa hadi hii tuliyonayo. Waholanzi wenyewe walitaja tu kilichomo: picha ya jikoni, picha ya karamu, picha ya askari lindoni.

Hilo la kukosa majina ndilo husahaulika. Mchoro mkubwa wa mchoraji Rembrandt wa 1642, Ulinzi wa Usiku, hauingii humu, kwa sababu unaonyesha mgambo wa Amsterdam chini ya Kapteni Frans Banninck Cocq, watu waliojulikana mjini na waliolipia sura zao. Hata usiku haumo. Vanishi iliyopiga weusi ndiyo iliyowafanya watu wa baadaye waone giza. Msichana mwenye hereni ya lulu wa Johannes Vermeer, mchoraji wa mji wa Delft, naye haingii. Yeye ni kile Waholanzi walichokiita tronie, yaani uso uliochorwa kwa ajili ya sura, vazi na mwanga, bila mahali na bila shughuli.

Lakini kosa zito zaidi ni lile la kunasa, na linatokana na mwanga. Mwanga wa picha hizi unashawishi sana hata mtu anaamini mchoraji alipita mlangoni, akaona, akachora. Ukweli ni kwamba mwanga ndicho kitu kilichopangwa kwa uangalifu kuliko vyote.

Anza na chumba cha kazi. Mchoraji anayetumia mkono wa kulia huweka dirisha kushoto kwake, ili kivuli cha mkono kisianguke pale anapopaka. Ndiyo sababu katika picha nyingi mno za aina hii mwanga unatoka kushoto. Dirisha la kaskazini lilipendwa kwa kuwa jua haliingii moja kwa moja, hivyo vivuli havihami kwa kasi saa zikienda. Ukifunga vibao vya chini vya dirisha, mwanga unaingia kutoka juu, unashuka kwa mshazari, na sura inapata umbo. Ukuta wa nyuma umepakwa chokaa, kwa hiyo unarudisha sehemu ya mwanga kwenye upande wenye kivuli. Kivuli hakiwi cheusi. Kinakuwa kijivu, mara nyingi chenye ubuluu kidogo.

Hapo ndipo wapiga picha wengi wanapokosea wanapotaka "mwanga wa Kiholanzi" na kuning'iniza kitambaa cheusi nyuma ya mtu. Taa moja ya juu pembeni, pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho na giza nyuma: hiyo inaitwa mwanga wa Rembrandt, na inafaa kwa picha ya uso. Mwanga wa Delft, ule wa Vermeer na wenzake, unahitaji ukuta mweupe. Ukiuondoa ukuta, upande wa kivuli unakufa na chumba kinapotea pamoja nao.

Sasa tazama mchoro wa Vermeer wa mwanamke anayemimina maziwa, wa takriban 1660, ulioko jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam. Una urefu wa sentimita 45.5 na upana wa 41 tu. Dirisha liko kushoto, na kioo chake kimoja kimevunjika na kupitisha mwanga kidogo. Upande wa mwanamke unaopigwa na mwanga umewekwa mbele ya sehemu ya ukuta iliyo nyeusi kidogo, na upande wake wenye kivuli umewekwa mbele ya sehemu ya ukuta inayong'aa. Kwa hiyo umbo linajitenga na ukuta pande zote mbili. Hata hilo halikumtosha: upande wa kulia alivuta mstari mwembamba mweupe kufuata mwili. Mstari huo haupo katika maumbile. Kwenye mkate ameweka nukta nzito za rangi nyepesi, kama mng'ao wa kitu laini chenye maji, ilhali ganda la mkate ni kavu na haling'ai hivyo. Uchunguzi uliotangazwa na jumba hilo mwaka 2022 ulionyesha kuwa nyuma ya mwanamke aliwahi kuanza kuchora kibao cha kuning'inizia majagi, na chini kapu la kuwekea makaa, kisha akavifunika vyote. Ukuta ule mtupu wenye msumari na kivuli chake, unaosifiwa kwa uhalisia, ulipatikana kwa kufuta.

Juu kidogo ya mkono wa kulia wa mwanamke huyo kuna kitundu cha pini. Pini ilichomekwa pale ambapo mistari yote ya mtazamo, ile inayoonyesha umbali, hukutana, ikafungwa uzi wenye chaki, na uzi ukavutwa na kupigwa ili uache alama, kama fundi ujenzi anavyopiga uzi kabla ya kupanga matofali. Vitundu vya namna hiyo vimeonekana katika picha kadhaa za Vermeer.

Katika mchoro wake mwingine ulioko jumba hilohilo, mwanamke mwenye koti la buluu anasoma barua. Kiti kinatupa kivuli ukutani, ramani nayo inatupa kivuli. Mwanamke hatupi chochote. Chumba halisi hakiwezi kufanya hivyo.

Mchoraji mwingine, Pieter de Hooch, alipanga kwa njia yake. Mwaka 1658 alichora ua wa nyumba mjini Delft, mchoro ambao sasa uko katika jumba la National Gallery, London, na akachora mchoro mwingine wenye upinde uleule wa matofali, njia ileile inayotoboka hadi kwenye mwanga wa nje, lakini watu tofauti na mazingira yaliyobadilishwa. Bamba la mawe juu ya upinde lilikuwa kwenye lango la makao ya watawa ya Mtakatifu Hieronymus. Yeye alilihamishia alikotaka. Sakafu za marumaru nyeusi na nyeupe ni habari hiyohiyo: orodha za mali na kumbukumbu za ujenzi zinaonyesha kuwa zilikuwa nadra majumbani, na nyumba nyingi zilikanyagiwa mbao. Wachoraji walizipenda kwa sababu miraba yake inaonyesha umbali na kurudisha mwanga.

Mshumaa una kanuni yake. Rangi nyeupe ya risasi ndiyo iliyokuwa mwisho wa mng'ao kwenye kibao cha rangi, na mwali wa moto unang'aa kuipita kwa mbali. Ukiuchora waziwazi unafifia. Gerrit van Honthorst wa Utrecht, ambaye Waitalia walimwita Gherardo wa Usiku, mara nyingi aliuficha mwali nyuma ya mkono au mgongo wa mtu, jicho likaona tu nyuso zilizowaka. Gerrit Dou wa Leiden, katika Shule ya Usiku, aligawa mwanga kati ya mishumaa na kandili, kila mmoja na duara lake dogo.

Anayesema picha hizi ni ushahidi wa maisha hajakosea kote. Koti la njano lenye manyoya meupe, linalorudi katika picha kadhaa za Vermeer, limo kwenye orodha ya mali iliyoandikwa mwaka 1676 baada ya kifo chake. Vitu vilikuwepo, tukio ndilo lililotungwa. Vivyo hivyo, Tanneke Everpoel alikuwa kweli mtumishi nyumbani kwa Maria Thins, mama mkwe wa mchoraji, na hati zinamtaja, lakini hakuna hati inayosema ndiye anayemimina maziwa. Kwa hiyo unapoandika maelezo chini ya picha ile, andika "mwanamke akimimina maziwa", si "mtumishi wa Vermeer jikoni kwake".