Bosi hahitaji akaunti ya msimamizi

Nimeambiwa tena: "Huyu ni mkurugenzi, mpe haki zote kwenye kompyuta. Haiwezekani aombwe nywila na kijana wa TEHAMA." Kauli hii imenichosha, na kila ofisi inayoishikilia inajiumiza yenyewe.

Haki za usimamizi (administrator) kwenye Windows haziendi kwa mtu kulingana na cheo chake. Zinaenda kwa programu anazozifungua na kuziruhusu. Msimamizi akishairuhusu programu, inaweza kuzima antivairasi, kuunda akaunti nyingine, kusoma folda za kila anayetumia mashine ile na kujipachika iwe inaamka kila kompyuta inapowashwa. Haiulizi aliyebonyeza ni mkurugenzi au mhudumu. Tena wanaotuma ankara za uongo kwa barua pepe humlenga anayeidhinisha malipo. Kwa hiyo bosi ndiye wa kwanza kupewa akaunti ya kawaida.

Hapo najibiwa, "Lakini Windows huuliza kwanza." Kweli, tangu Vista ya 2007 kioo hufifia na dirisha la kuuliza likatokea. Litazame vizuri. Kwa msimamizi lina Ndiyo na Hapana tu. Kwa mtumiaji wa kawaida linadai nywila ya msimamizi. Mtu anayefunga hesabu za mwezi jioni, simu inaita, atabonyeza Ndiyo bila kusoma. Asiye na nywila itabidi ampigie mtu: "Mbona nimefungua ankara tu, halafu inataka nywila?" Swali hilo likishaulizwa, shambulio limekwama. Microsoft wenyewe hawalihesabu dirisha la Ndiyo na Hapana kuwa mpaka wa usalama.

Linalonikera zaidi ni programu za zamani. Duka lina kompyuta moja na makeshia wawili, wa asubuhi na wa jioni, kila mmoja na akaunti yake. Programu ya stoo ni ya miaka mingi, inaandika data ndani ya C:\Program Files. Asubuhi zimeingizwa katoni 40 za sabuni, jioni hazionekani. Anaitwa fundi, anasema ni mambo ya ruhusa, anawafanya wote wawili wasimamizi. Kesho yake tatizo liko palepale.

Sababu ni hii. Programu ya zamani ya biti 32 ikijaribu kuandika pasiporuhusiwa, Windows haiikatalii. Huielekeza kimyakimya iandike kwenye AppData\Local\VirtualStore, folda ya binafsi ya mtumiaji yule. Kila keshia anajaza stoo yake bila kujua! Msimamizi naye hutendewa vivyo hivyo, kwa kuwa programu zake huendeshwa kwa haki zilizopunguzwa mpaka aruhusu vingine. Fundi akishindwa huuzima kabisa UAC, mfumo mzima ulio nyuma ya dirisha la kuuliza. Programu inatulia, na kinga imeondoka.

Dawa ni kuitafuta folda ya data yenyewe na kuwapa watumiaji wa kundi la Users ruhusa ya Modify, yaani kusoma, kuandika na kufuta humo. Folda ya data tu, tafadhali, si folda nzima ya programu. Anayeweza kuandika juu ya faili la programu anaweza kulibadilisha, kisha akamngoja msimamizi alifungue. Kabla ya hapo toa na uhifadhi kilichomo kwenye VirtualStore ya kila mmoja, maana kuna mauzo halisi mle.

Kazi iliyobaki ni fupi. Unda akaunti mpya ya msimamizi, ingia nayo, hakikisha inafanya kazi, ndipo uzishushe nyingine ziwe za kawaida. Usianze na kushusha. Kisha fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, uandike net localgroup Administrators uone nani amebaki. Amri hii inakubali hata kwenye Windows Home, ambako lusrmgr.msc, zana ya kusimamia watumiaji, haitumiki.

Sitamdanganya mtu kwamba hapo amemaliza. Kirusi cha kufunga mafaili kwa fumbo ili kudai fidia kikimpata karani, kitafunga kila waraka ambao karani anaruhusiwa kuuhariri, bila kuomba usimamizi wowote. Chrome inaweza kujisakinisha ndani ya AppData bila nywila. Na mwenye flashi ya kuwashia mashine anaweza kubadili nywila ya msimamizi ikiwa diski haijafungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayosimba diski nzima. Nakala za akiba bado ni lazima.

Kinachonisumbua mpaka leo ni nani aishike ile nywila. Akiishika fundi wa nje, printa ikihitaji draiva kazi inasimama. Akiishika mhasibu, baada ya muda unaikuta kwenye karatasi chini ya kibodi. Mimi huiacha kwenye bahasha iliyogundishwa, ndani ya sefu, na bahasha ikifunguliwa nywila inabadilishwa. Kwa duka la watu watatu lisilo na sefu sijapata njia ninayoiamini. Hapo humkabidhi mwenye duka, kwa sharti kwamba kazi zake za kila siku azifanye kwa akaunti ya kawaida kama makeshia wake.