Miwani haikumpofusha Mary Ingalls

"Mary naye alianza na miwani, mwisho akawa kipofu." Kauli hii naisikia kliniki kutoka kwa wazazi waliowahi kufuatilia tamthilia ya Little House on the Prairie, yenye binti aitwaye Mary Ingalls. Mtoto amepimwa, imeonekana haoni mbali, namba ya miwani imeshaandikwa, halafu mzazi anasema tusubiri kwanza tusije tukamharibu macho. Wiki hii nimeisikia tena, kwa hiyo naandika.

Tamthilia hiyo ilirushwa na kituo cha NBC cha Marekani kuanzia 1974 hadi 1983. Mwaka 1975 kulikuwa na sehemu iitwayo "Four Eyes". Mary anajitahidi kusoma lakini alama zinashuka, inagundulika shida ni macho, baba yake Charles anahakikisha anapata miwani, na ghafla ubao unasomeka. Wenzake wanamcheka, naye anaificha na kudai imepotea. Mwaka 1978 ikaja "I'll Be Waving as You Drive Away", ile ambayo Mary anapoteza macho kabisa. Mtazamaji aliyekaa na hadithi hizo mbili kichwani anaziunganisha: miwani kwanza, upofu baadaye. Lakini hata tamthilia yenyewe haisemi hivyo. Inayolaumiwa ni homa nyekundu (scarlet fever, homa inayoleta vipele vyekundu) aliyougua zamani. Miwani haimo kabisa kwenye maelezo hayo.

Miwani ni lenzi iliyokaa nje ya jicho. Kazi yake ni kuelekeza mwanga uangukie pale unapotakiwa kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Ukiivua, jicho linabaki lilivyokuwa. Jicho lenye myopia, yaani lisiloona mbali, limerefuka kuliko inavyotakiwa, na kwa mtoto linaendelea kurefuka kadiri anavyokua, avae au asivae. Ndiyo maana namba inapanda. Mzazi anayeona namba ya mwaka huu ni kubwa kuliko ya mwaka jana hulaumu miwani kwa sababu ndiyo anayoiona. Urefu wa jicho hauonekani.

Wapo wanaoomba namba ipunguzwe kidogo "ili macho yasizoee". Jambo hilo limeshajaribiwa. Nchini Malaysia watafiti waliwapa watoto wengine miwani ya namba kamili na wengine namba pungufu kwa makusudi, wakawafuatilia miaka miwili. Matokeo yalichapishwa 2002: myopia ya wale wa namba pungufu iliongezeka kwa kasi zaidi. Sipunguzi namba, na mzazi asiniombe. Anayetaka kweli kumsaidia mtoto asiye na myopia bado amwache acheze nje mchana, kwa muda wa kama saa mbili kila siku. Hilo linasaidia kuichelewesha.

Kinachonikosesha usingizi zaidi ni jicho vivu, yaani jicho ambalo ubongo haujajifunza kulitumia. Mtoto anaweza kuwa na jicho moja zuri na jingine lenye namba kubwa, na nyumbani asijulikane, maana anatumia lile zuri. Kliniki anajulikana haraka. Ukimfunika jicho bovu anasoma herufi bila shida. Ukimfunika lile zuri anaanza kugeuza shingo, anachungulia pembeni ya kadi, wengine wanaisukuma kwa mkono na kulia. Mama husema, "Daktari, huyu ni mtundu tu." Si utundu. Umemnyima jicho pekee analolitegemea. Mtoto huyu akipewa miwani mapema, na mara nyingine kuzibwa lile jicho zuri kwa saa fulani kila siku, ubongo wake hujifunza kutumia jicho la pili. Ukisubiri mpaka amevuka miaka saba au minane, kazi inakuwa ngumu sana, na wengine hawarudishi uoni ule maisha yao yote. Kwa hiyo aliyekataa miwani kwa kuogopa upofu anaweza kuwa ndiye aliyemwacha mwanawe na jicho moja. Mpimeni macho kabla hajaanza darasa la kwanza, hata kama halalamiki. Mtoto hawezi kulalamikia kitu ambacho hajawahi kukiona vizuri.

Nayo homa nyekundu, je? Mary Ingalls wa kweli alipoteza macho mwaka 1879 akiwa na miaka 14. Mdogo wake, Laura Ingalls Wilder, aliandika kwenye vitabu vyake kwamba ilikuwa homa nyekundu, na tamthilia ikafuata. Lakini mwaka 2013 jarida la Pediatrics lilichapisha uchunguzi wa madaktari waliopitia kumbukumbu na barua za Laura pamoja na magazeti ya wakati ule. Walikuta habari za maumivu makali ya kichwa na upande mmoja wa uso kupooza, na Laura mwenyewe kwenye barua akitaja ugonjwa wa uti wa mgongo. Hitimisho lao ni kwamba yaelekea virusi vilishambulia ubongo na utando wake. Mtoto mwenye homa, kichwa kikali, shingo ngumu na macho yanayofifia apelekwe hospitali siku hiyohiyo, asiletwe kwangu kupimwa miwani.

Kukaa karibu na televisheni hakumletei mtoto upofu. Mara nyingi anasogea kwa sababu tayari haoni mbali. Badala ya kumfokea arudi nyuma, mleteni apimwe.

Kuna na wanaouliza kuhusu Adam, mume wa Mary kwenye tamthilia, ambaye anaanza kuona tena baada ya mlipuko. Kichwa kilichopigwa si tiba ya macho. Mlipuko hupasua macho na kung'oa retina. Na Adam mwenyewe ni wa kutungwa, kwani Mary hakuwahi kuolewa.

Alichofanya ni kusoma. Aliingia chuo cha wasioona cha Vinton, Iowa, mwaka 1881, akahitimu 1889. Nawaeleza hili wazazi ambao mtoto wao kweli hataona tena, na ambao wameshaanza kuzungumzia kumtoa shule. Ulizeni shule yenye walimu wa nukta nundu kabla muhula haujaisha.