Kutu haifi kwa kupakwa rangi

Ukipita Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi bado tunaiita Grogan, hukosi kusikia mafundi wa magari wakisema: “Piga puti, paka rangi, kutu kwisha.” Haijaisha. Puti ni ule uji mzito wa kujazia mashimo ya bati, nao si chuma. Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni na maji, na ina vitundu vinavyoshika unyevu. Ukiifunika, inaendelea kula bati chini kwa chini hadi rangi ivimbe kama lengelenge.

Juzi nilikagua Peugeot 504, ndugu ya ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975. Kwa nje inang’aa kama bibi harusi. Nikabandika sumaku chini ya mlango; ikateleza, ikaanguka. Puti tupu! Bisibisi nayo ikazama kama kwenye ugali.

Hapo dawa ni kukata mpaka ufikie chuma kisafi, kisha kuchomelea kipande kizima. Kipande kilichotolewa kwenye 504 nyingine iliyokufa kina faida: mikunjo yake ni ileile ya kiwandani. Ila kabla hujalipa, kipime kwa sumaku hiyohiyo. Ukimaliza kuchomelea, paka praima, yaani rangi ya kwanza ya kukinga chuma, siku hiyohiyo, na usizibe vile vitundu vya kutolea maji chini ya mlango.