"Scot-free": Mskoti Hahusiki

Dhana inayochosha kuliko zote: eti neno la Kiingereza "scot-free", yaani kuponyoka bila adhabu, limetokana na Dred Scott, mtumwa wa Marekani aliyekwenda mahakamani akatoka huru.

Hakutoka huru. Alifungua kesi St. Louis mwaka 1846, na mwaka 1857 Mahakama ya Juu ya Marekani ikamwangusha kwa kura 7 dhidi ya 2. Uhuru aliupata baadaye mwaka huohuo kwa hiari ya mmiliki mpya, wala si kwa hukumu. Aliyeshindwa kesi atazaaje neno la mtu aliyeponyoka? Halafu hesabu t: yeye anazo mbili, neno lina moja. Na hata hayo tukiyasamehe, "scotfreo" lilikuwamo katika Kiingereza cha kale kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066.

"Scot" hapa ni kodi au mchango, kutoka "skot" ya lugha ya Waviking. Wafaransa bado wanasema "écot" kwa fungu la mtu katika gharama za pamoja. Kwa hiyo neno limeundwa kama "duty-free" ya uwanja wa ndege: nomino, kisha "free", maana yake bila kutozwa. Habari ya kukwepa adhabu iliingia baadaye. Shakespeare alicheza na pacha wake, "shot": Falstaff, mhusika wake wa kuchekesha, akiwa vitani, anasema London aliweza kukwepa "shot", yaani bili ya baa, ila ya hapa anaiogopa, maana sasa ni risasi.

Eti Waskoti, watu wa Scotland, ni mabahili, hawalipi? Kejeli tu, jina lao lina asili nyingine.

Eti lilizaliwa Romney Marsh, eneo la kinamasi huko Kent, Uingereza, kwa wakazi wa mwinuko wasiolipia kuta za bahari na mifereji? Kodi hiyo kweli iliitwa "scot", lakini ilikuwa moja kati ya nyingi.

Eti ni sawa na kuachiwa huru? Wafasiri wa habari, hapa ndipo mnapoharibu. "Scot-free" lina lawama ndani yake: alistahili adhabu, akaikosa. Andika "ameponyoka bila adhabu" au "ameachwa hivi hivi". Aliyeonekana hana hatia ameachiwa huru, basi. Na mkiliandika kwa Kiingereza, s ni ndogo.