Ukibadilisha kifungo tu, rudi maabara

Watengenezaji wengi wa vitu vya watoto wakishapata cheti cha maabara wanaona kazi imeisha, kumbe cheti kinahusu bidhaa ilivyokuwa siku ile ilipopimwa. Ukibadilisha rangi, au sapulaya wa vifungo ameishiwa ukachukua kwa mwingine, ile sehemu iliyobadilika inatakiwa ipimwe upya hata kama kwa macho inafanana kabisa na ya mwanzo.

Chukua mdoli wa kitambaa mwenye macho ya plastiki. Kitambaa chenyewe mara nyingi hakina shida, kule Marekani pamba na mbao isiyopakwa kitu wala hazilazimiki kupimwa madini ya risasi. Shida iko kwenye macho. Maabara wanalivuta jicho kwa nguvu, wanalizungusha, na likichomoka wanalitumbukiza kwenye kisilinda cha upana wa milimita 31.7 bila kulisukuma, likizama lote basi mdoli huyo hafai kwa mtoto wa chini ya miaka 3, maana kitu cha size hiyo kinaweza kumkaba. Na tafadhali usidhani kuandika "miaka 3 na kuendelea" kwenye kichezeo cha mtoto mchanga kutakuokoa, wakaguzi wanaangalia kichezeo kinamfaa mtoto wa umri gani kweli.

Kwenye rangi, sheria ya Marekani ya 2008 inataka risasi isizidi sehemu 90 kwa milioni, na kwenye sehemu nyingine za bidhaa 100. Ni kidogo sana ndiyo, lakini risasi inaharibu ubongo wa mtoto na haijulikani kiwango chochote kilicho salama, na watoto kila kitu wanatia mdomoni.

Halafu kuna lebo, hii watu wanaidharau mno. Sheria hiyohiyo, kwa bidhaa za watoto wa miaka 12 kushuka chini, inataka jina la mtengenezaji, mahali na tarehe ilipotengenezwa, na namba ya bechi, yaani kundi lililotengenezwa pamoja, na iwe ya kudumu kwenye bidhaa yenyewe pale inapowezekana, siyo boksi peke yake, kwa sababu boksi linatupwa siku ya kwanza. Bechi moja ikikutwa na kasoro, mwenye namba anaikusanya hiyo moja kutoka kwa wateja, asiye na namba anakusanya kila alichouza. Kwa hiyo kila bechi andika kwenye daftari rangi ilitoka wapi, vifungo vilitoka wapi, na cheti gani kinazihusu.