Je, wajua kompyuta yenye diski mbili huamuaje iwakie ipi?

Chukua kompyuta yenye diski mbili, kila moja na mfumo endeshi wake. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, inaingia kwenye mojawapo bila kukuuliza. Nani kaichagulia? Si Windows wala Linux, maana muda huo yote miwili bado imelala kwenye diski. Mwamuzi ni programu ndogo iliyo kwenye chipu ya ubao mama, nayo haichagui kwa maana halisi: inafuata foleni iliyokwisha kupangwa. Jaribu hii, ikishindikana, ile.

Utamu uko kwenye huko kujaribu. Programu ya zamani, BIOS, haikuwa na udadisi hata kidogo. Ilisoma sekta ya kwanza ya diski, baiti 512 tu, ikatazama mbili za mwisho. Zikiwa 55 na AA (namba za mfumo wa kumi na sita), ilikabidhi usukani kwa msimbo uliomo humo na kujitoa. Kama kweli kuna mfumo, hilo halikuwa kazi yake. Ndiyo maana diski kuukuu iliyofutwa mafaili yote lakini sekta ile ikabaki iliweza kuikwamisha kompyuta kwenye skrini nyeusi yenye ujumbe kwamba mfumo endeshi haupo, huku diski ya pili ikiwa nzima kabisa. Foleni haikusonga kwa sababu, kwa hesabu za BIOS, diski ya kwanza ilishafaulu.

Kompyuta za siku hizi zina UEFI, programu iliyochukua nafasi ya BIOS, ambayo hutafuta faili badala ya alama. Kila mfumo unapowekwa huacha faili yake ya kuwashia kwenye sehemu ndogo ya diski, kwa kawaida yenye muundo wa kuhifadhi mafaili uitwao FAT32, kisha hujiandikisha kwenye kumbukumbu ya ubao mama: jina langu hili, faili yangu iko pale. Sehemu hiyo hutambulika kwa namba yake ya kipekee, kwa hiyo ukihamishia waya wa diski kwenye tundu jingine, kwa kawaida hakiharibiki kitu. Balaa huja ukinakili diski nzima kwenda nyingine na kuziacha zote mbili ndani: zina namba ileile, na huwezi kuwa na hakika ipi itawaka.

Mfumo mpya nao mara nyingi hujiweka mbele ya foleni bila hodi. Mtu akiweka Linux leo, kesho analia kwamba Windows imefutika. Mara nyingi haijafutika, imesogezwa nyuma tu.

Kuipanga foleni upya si kazi. Washa kompyuta huku ukigonga F2 au Delete, kutegemea mtengenezaji, ingia sehemu ya mpangilio wa kuwasha, pandisha diski unayoitaka, kisha hifadhi kabla ya kutoka. Ukitaka diski nyingine kwa safari hii moja tu, kompyuta nyingi hutoa menyu ya muda kwa F12, F8 au Esc, na foleni haiguswi. Aliye ndani ya Linux anaweza kuipanga foleni kwa amri ya efibootmgr.

Na kama kompyuta ya zamani inasahau mpangilio kila ikichomolewa umeme, na saa yake inarudi nyuma miaka kadhaa, usihangaike na diski. Badilisha ile betri bapa ya ubao mama, ambayo mara nyingi ni CR2032, kisha upange foleni tena.