Kuhesabu "lima" kwenye vitabu pepe

Kazi yangu ni kuandaa vidahizo vya kamusi, yaani maneno yanayofafanuliwa humo, na kila siku najiuliza lilelile: neno hili limetumika wapi, mara ngapi? Juzi ilikuwa zamu ya kitenzi "lima". Nikafungua folda ya vitabu pepe, nikaandika herufi nne, nikabonyeza. Matokeo yakamiminika, nusura nishangilie.

Kupitia mstari mmoja mmoja, nikakuta "kilima", "milima", Kilimanjaro na "limao". Hayo niliyatarajia. Walioniumbua ni "walimaliza" na "alimaanisha": kiambishi "li" cha wakati uliopita kikikutana na kitenzi kinachoanza na "ma", kompyuta inaona jembe. Wakati huohuo "halimi", "walime" na "kilimo" vimebaki nje, maana irabu ya mwisho si "a" tena. Hesabu imezidi na imepungua papo hapo.

Ukiiambia kompyuta itafute neno zima tu, ndiyo unaharibu zaidi. Kitenzi cha Kiswahili hakitembei peke yake. Utaambulia "lima" ya kuamrisha, huku "tunalima" na "wamelima" zikipotea.

Siku hizi naanza kwa kugeuza kila kitabu kuwa matini tupu, yaani maandishi yasiyo na mapambo. Faili la EPUB, umbizo la kawaida la vitabu pepe, ni furushi la zip lenye kurasa za XHTML (lugha ya kurasa za wavuti) ndani. Ukisaka humohumo, sura inayofunguliwa kwa herufi kubwa ya mapambo inaweza kukukatia "Wakulima" ikawa "W" huku na "akulima" kule. Calibre, programu ya kusimamia vitabu pepe, ina amri ya ebook-convert kwa kazi hiyo. (Toleo lake la 6, la mwaka 2022, lilileta pia utafutaji ndani ya matini ya maktaba nzima. Mimi nautumia kutazama muktadha, si kuhesabu.) Kisha, kwenye dirisha la amri, naandika hivi (grep ni amri ya kusaka maneno ndani ya mafaili):

grep -ohiE "[[:alpha:]]*lim[[:alpha:]]*" *.txt | sort -f | uniq -ci | sort -rn

Hapa hupewi jumla. Unapewa maumbo yote yenye "lim", kila moja na idadi yake, yaliyo mengi yakiwa juu. "Mwalimu", "elimu", "ulimwengu" na "ulimi" watajitokeza kwa mbwembwe. Wafute, kisha jumlisha waliobaki. Chai haijapoa umemaliza, kwa kuwa unasoma maumbo, husomi kila tukio.

Jihadhari na grep -c. Hiyo inahesabu mistari, na kwenye matini iliyotoka EPUB mstari mmoja mara nyingi ni aya nzima. Hata "walime" likiwa humo mara tano, utaandikiwa moja.

"Ng'ombe" ana balaa lake: kitabu hiki kimeweka alama iliyonyooka, kile iliyopinda, na kwa kompyuta hao ni wanyama wawili. Naandika ng.ombe, ile nukta inakubali alama yoyote. Na usilinganishe riwaya nene na kijitabu kwa idadi ghafi. Gawanya kwa urefu, useme ni mara ngapi katika kila maneno 10,000.

Nilidhani nimemaliza, mpaka nikalitazama umbo "alilimwa". Shamba halilimwi kwa ngeli ya mtu. Nikafungua sentensi yenyewe: beki, dakika za mwisho, kadi nyekundu. Hiyo ni maana ya pili ya kidahizo, nami sikuwa nimeiandika.